Mgambo JKT: Timu ya Kabuku iliyozitikisa Simba na Yanga, kisha ikashuka pamoja na Tanga nzima

Katika historia ya kandanda ya Mkoa wa Tanga, majina mawili hutangulia mengine yote. La kwanza ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. La pili ni African Sports, Wana Kimanumanu, watani wao wa jadi. Timu zote mbili ni za jijini, zilizolelewa karibu na bandari na kushabikiwa kwa vizazi kadhaa.

Jina la tatu halikutoka jijini. Lilitoka Kabuku, wilayani Handeni, katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Timu hiyo iliitwa Mgambo JKT, na wengine waliizoea kwa jina la Mgambo Shooting. Ilicheza Ligi Kuu kwa misimu minne, kuanzia 2012/13 hadi 2015/16, ikaingia uwanjani mara 108 katika ligi hiyo, kisha ikashuka daraja. Haijarejea tangu wakati huo.

Misimu minne ni kipindi kifupi kwa klabu. Hata hivyo, katika muda huo timu hiyo iliwahi kuzifunga Simba na Yanga ndani ya msimu mmoja, ikatoa mshambuliaji aliyesajiliwa na mabingwa wa nchi, na ikawa chini ya kocha ambaye baadaye aliongoza timu ya taifa katika fainali za Kombe la Dunia. Safari yake inaonyesha jinsi ngazi ya soka la Tanzania inavyopandwa na jinsi inavyoteleza, hasa kwa vijana wa wilaya zilizo mbali na miji mikubwa.

Ilikotoka

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963, na vikosi vyake vilisambazwa mikoani kwa ajili ya mafunzo ya vijana, kilimo na ujenzi. Kikosi cha Mgambo, kinachojulikana kijeshi kama 835 KJ, kipo Kabuku, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Segera. Ni eneo la mashamba ya mkonge na machungwa, na wenyeji wake wa asili ni Wazigua.

Ukipita Segera na kuendelea kaskazini unafika Korogwe, mji ulio kando ya Mto Pangani, kwenye njia ya reli ya Tanga kwenda Moshi. Mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha hupita hapo usiku na mchana. Kwa miaka mingi Handeni na Korogwe zimefahamika zaidi kwa mkonge, mahindi, matunda na ukame wa mara kwa mara kuliko kwa michezo. Kijana wa huko mwenye kipaji cha soka alikuwa na njia moja tu iliyo wazi, yaani kuondoka nyumbani.

Ndiyo maana kupanda kwa Mgambo kulikuwa na uzito wake. Kwa mara ya kwanza, timu yenye makao katika wilaya hizo za bara ya mkoa ilikuwa imeingia katika kundi moja na Simba, Yanga na Azam.

Faida na mzigo wa timu ya jeshi

Mgambo haikuwa timu pekee ya jeshi katika Ligi Kuu ya zama hizo. Kulikuwa na JKT Ruvu na Ruvu Shooting za mkoani Pwani, JKT Oljoro ya Arusha, na Prisons ya Mbeya iliyo chini ya Jeshi la Magereza. Polisi nao walikuwa na timu zao.

Timu za namna hiyo huwa na faida ambazo klabu za uraiani huzitamani. Zina kambi ya kudumu, nidhamu ya mazoezi, na njia ya kumpatia mchezaji ajira yenye uhakika zaidi ya mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Mchezaji aliyeajiriwa na jeshi anafahamu kwamba hata goti likimsaliti, maisha hayasimami.

Mzigo nao upo. Timu ya kambi haina wanachama wanaoichangia kwa mapenzi ya kurithi. Mashabiki wake ni askari, familia zao na majirani wa kambi. Kwa Mgambo, hata majirani hao hawakuweza kuiona kwa urahisi, kwa kuwa mechi zake za nyumbani zilichezwa katika Uwanja wa Mkwakwani jijini Tanga, takriban kilomita 100 kutoka Kabuku. Mkazi wa Handeni au Korogwe aliyetaka kuishangilia timu ya nyumbani alipaswa kutafuta nauli ya kwenda na kurudi. Jijini kwenyewe, mioyo ya watu ilikwishagawanywa kati ya Coastal Union na African Sports tangu enzi za babu zao.

Kwa maneno mengine, Mgambo ilikuwa mwenyeji katika uwanja ambao haukuwa wake na mbele ya mashabiki ambao hawakuwa wake.

Msimu wa kwanza: 2012/13

Timu tatu zilipanda Ligi Kuu kwa ajili ya msimu wa 2012/13: Mgambo, Prisons na Polisi Morogoro. Ligi hiyo ilikuwa na timu 14, kila moja ikicheza mechi 26. Yanga ilitwaa ubingwa. Mkiani zilishuka Toto African ya Mwanza, African Lyon ya Dar es Salaam, pamoja na Polisi Morogoro iliyokuwa imepanda na Mgambo mwaka huohuo.

Kwa timu ngeni, kubaki ndiyo kombe. Mgambo ilibaki.

Msimu wa maajabu: 2013/14

Msimu wa pili ulianza vibaya kupita kiasi. Septemba 2013, Simba iliikaribisha Mgambo jijini Dar es Salaam na kuishindilia mabao 6-0. Mshambuliaji kutoka Burundi, Amissi Tambwe, alifunga manne kati ya hayo. Tambwe aliumaliza msimu huo akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19, na sehemu ya zaidi ya moja kwa tano ya hesabu hiyo ilitokana na alasiri hiyo moja.

Timu nyingi ndogo hupotea baada ya kipigo cha aina hiyo. Mgambo haikupotea. Februari 2014, Simba ilipokwenda Mkwakwani kwa mechi ya marudiano, ilifungwa bao 1-0, na mfungaji alikuwa Fully Maganga. Kutoka 6-0 hadi 0-1 ndani ya miezi mitano ni mgeuko ambao wapenzi wa soka mkoani Tanga waliuzungumza kwa muda mrefu.

Machi 30, 2014 ilikuwa zamu ya Yanga. Wakati huo mbio za ubingwa zilikuwa kati ya Yanga, waliokuwa wakitetea taji, na Azam. Siku hiyohiyo Azam iliifunga Simba 2-1 jijini Dar es Salaam. Yanga ilikuwa Mkwakwani, ikihitaji ushindi ili isiachwe, lakini ikafungwa na Mgambo mabao 2-1.

Wiki mbili baadaye, Aprili 13, Azam iliifunga Mbeya City katika Uwanja wa Sokoine na kutwaa ubingwa wake wa kwanza, tena bila kupoteza mechi hata moja msimu mzima. Haiwezi kusemwa kwamba Mgambo ndiyo iliyoamua ubingwa huo, kwa kuwa Azam ilimaliza na pointi 62 dhidi ya 56 za Yanga. Lakini pointi tatu zilizobaki Tanga zilipotea katika wiki ambayo Yanga haikuwa na nafasi ya kuzipoteza.

Mwisho wa msimu huo zilishuka Ashanti United, Rhino Rangers na JKT Oljoro, ndugu wa Mgambo katika familia ya JKT. Mgambo ilisalia tena.

Msimu wa tatu na safari ya Busungu

Msimu wa 2014/15 timu mbili tu zilishuka, Ruvu Shooting na Polisi Morogoro. Mgambo ilikamilisha mwaka wake wa tatu, na Machi 2015 ilirudia ilichokifanya mwaka uliotangulia: iliifunga Simba pale Mkwakwani, safari hii kwa mabao 2-0. Hapo ikawa wazi kwamba ushindi wa 2014 haukuwa wa kubahatisha.

Miongoni mwa wafungaji wa siku hiyo alikuwa Malimi Busungu, mshambuliaji ambaye jina lake lilikuwa limeanza kutajwa katika kurasa za michezo. Baada ya msimu kumalizika, Yanga, waliokuwa mabingwa wapya, walimsajili.

Septemba 26, 2015, Busungu aliingia katika mechi ambayo kila mchezaji wa Tanzania huota kuicheza, ile ya Simba na Yanga katika Uwanja wa Taifa. Yanga ilishinda 2-0. Bao la kwanza lilifungwa na Amissi Tambwe, ambaye alikuwa amehamia Yanga akitokea Simba. La pili lilifungwa na Busungu. Hivyo mfungaji wa mabao manne dhidi ya Mgambo mwaka 2013 na mshambuliaji aliyetoka Mgambo walikuwa wamevaa jezi moja, wakiiadhibu timu moja.

Kwa mchezaji ilikuwa hatua kubwa. Kwa klabu aliyoiacha hesabu ilikuwa nyingine. Timu ndogo inayojiokoa kila msimu kwa tofauti ya pointi chache huishi kwa mabao machache, na mabao hayo huwa na wenyewe. Anapoondoka mmoja wao, fedha za uhamisho, zikiwapo, hazifungi magoli.

2016: Tanga yashuka yote

Msimu wa 2015/16 Ligi Kuu ilipanuliwa kutoka timu 14 hadi 16. African Sports ilikuwa imerejea baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20, ikiungana na Majimaji, Mwadui na Toto African waliopanda pamoja nayo. Mkoa wa Tanga ukawa na timu tatu kati ya 16: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Nje ya Dar es Salaam, huo ulikuwa uwakilishi wa kujivunia.

Mei 2016, msimu ulipofungwa, nafasi tatu za mwisho zilikuwa za timu hizohizo tatu. Coastal Union, African Sports na Mgambo zote zilishuka kwa pamoja. Mkoa ulioingia msimu na timu tatu ulitoka bila hata moja, na Mkwakwani ukabaki bila Ligi Kuu.

Baadhi ya wachambuzi walitafuta sababu moja ya kueleza anguko hilo, lakini timu hizo zilikuwa za aina tofauti. Coastal Union ni klabu ya wanachama. African Sports ilikuwa mgeni aliyerejea baada ya kizazi kizima. Mgambo ilikuwa timu ya jeshi. Zilichoshirikiana ni uwanja mmoja, soko moja dogo la mapato ya mlangoni, na mkoa ambao viwanda na mashamba yake ya mkonge vilikuwa vimepoteza nguvu iliyowahi kuubeba mchezo huo.

Kupanuka kwa ligi nako kulikuwa na athari zake. Mechi ziliongezeka kutoka 26 hadi 30, na kwa hiyo safari za Mwanza, Shinyanga, Songea na Mbeya ziliongezeka pia. Aidha, idadi ya timu za kushuka ilitoka mbili hadi tatu. Timu iliyozoea kumaliza juu kidogo ya mstari ilijikuta mstari umesogea.

Ngazi ya Tanzania na ngazi ya wengine

Ili kuelewa uzito wa kushuka, ni vema kuutazama mfumo wenyewe. Juu kuna Ligi Kuu. Chini yake kuna Championship, iliyoitwa Ligi Daraja la Kwanza hadi mwaka 2021. Inafuata First League, zamani Ligi Daraja la Pili, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, halafu ligi za mikoa na za wilaya. Timu ya mtaani kutoka Handeni au Korogwe huanzia chini kabisa, na kila hatua ina gharama mpya za usafiri, malazi na usajili. Mchezaji naye hupanda au kushuka pamoja na timu yake, isipokuwa aonekane na klabu nyingine kabla mlango haujafungwa.

Kwingineko ngazi hujengwa kwa namna nyingine. Katika besiboli ya Marekani hakuna timu inayoshuka daraja. Klabu 30 za ligi kuu humiliki au kuingia mkataba na timu za miji midogo, na tangu mwaka 2021 timu hizo ni 120, zikiwa katika madaraja manne. Mchezaji wa timu ndogo hulipwa na klabu kubwa. Akifanya vizuri anahamishwa daraja la juu yeye mwenyewe, huku timu aliyoiacha ikibaki pale ilipo.

Mfumo huo nao una machungu yake. Kwa miaka mingi mishahara ya madaraja ya chini ilikuwa haba mno, hadi makubaliano ya pamoja ya mwaka 2023 yalipopandisha malipo ya daraja la chini kati ya hayo manne kutoka dola 11,000 hadi 26,200 kwa mwaka. Subira inayotakiwa pia ni kubwa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na kucheza ligi kuu kwa mara ya kwanza Aprili 2017, akiwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika huko. Mwenzake Tayler Scott, mrushaji wa mpira mzaliwa wa Johannesburg, alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011 na akafika ligi kuu Juni 2019. Kila mmoja alitumia takriban miaka minane katika timu za miji midogo.

Afrika Mashariki imeanza kuingia katika ngazi hiyo kupitia Uganda. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Baadaye warushaji wa Uganda, akiwamo David Matoma wa Pittsburgh Pirates, walisajiliwa na klabu za Marekani na kuanza safari katika madaraja ya chini.

Tofauti ya msingi inaonekana hapo. Katika ngazi ya Marekani, mrushaji wa timu ya mji mdogo hapotezi nafasi yake kwa sababu wenzake wameshindwa. Katika ngazi ya Tanzania, mshambuliaji mwenye mabao mengi anaweza kujikuta katika daraja ambalo watu wachache hulitazama, kwa sababu tu ngome ya timu yake ilikuwa na msimu mbaya. Kwa upande mwingine, ngazi ya Tanzania huipa timu ya kambi ya Kabuku haki ambayo timu ya mji mdogo wa Marekani haitaipata kamwe: haki ya kupanda, kukutana na wakubwa na kuwafunga.

Aliyefika mbali zaidi

Kati ya watu waliopita Mgambo, aliyefika mbali zaidi hakuwa mchezaji. Ni Bakari Shime, aliyekuwa kocha wa timu hiyo katika sehemu ya miaka yake ya Ligi Kuu.

Mwaka 2017 Shime alikuwa kocha mkuu wa Serengeti Boys katika fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 nchini Gabon. Timu hiyo ilitoka sare 0-0 na Mali, ikaifunga Angola 2-1, kisha ikaondolewa kwa kufungwa 1-0 na Niger. Baadaye aliifundisha JKT Tanzania, jina jipya la JKT Ruvu, kabla ya kujikita zaidi katika soka la wanawake.

Oktoba 2022 aliiongoza Serengeti Girls katika fainali za Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India. Baada ya kufungwa 4-0 na Japani, wasichana hao waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada na kuingia robo fainali, ambako walitolewa na Colombia kwa mabao 3-0. Julai 2025 alikuwa na Twiga Stars nchini Morocco katika fainali za Mataifa ya Afrika, mashindano ambayo Tanzania ilikuwa haijayafikia tangu mwaka 2010.

Kilichobaki

Coastal Union ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Msimu wa 2023/24 ilimaliza katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ligi yenyewe imebadilika. Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6, na klabu iliyomo ndani inapata mgawo ambao Mgambo ya mwaka 2013 isingeweza kuuota.

Kwa sababu hiyo, pengo kati ya aliyemo na aliye nje ni kubwa kuliko lilivyokuwa Mgambo ilipopanda mwaka 2012. Timu ya kambi, ya kata au ya wilaya inayotaka kupita njia ileile leo inahitaji fedha nyingi zaidi katika kila hatua, na uwanja unaokidhi masharti ya bodi ya ligi. Vijana wa Handeni na Korogwe bado wanacheza, na timu zao bado zinaanzia kwenye ligi ya wilaya. Walichokuwa nacho kati ya mwaka 2012 na 2016, na ambacho hawana sasa, ni timu ya Ligi Kuu yenye makao karibu na kwao, ambayo kijana angeweza kwenda kuomba majaribio asubuhi na kurejea nyumbani jioni.